Umeme umerudi, intaneti ipo, ila VPN ya duka imegoma? Angalia saa

Hii simu tunapigiwa sana asubuhi: "Fundi, umeme umerudi, WhatsApp inaingia vizuri, ila ofisini hawaoni mauzo ya tawi." Hapo iliyogoma ni VPN, njia ya siri ndani ya intaneti inayounganisha duka na ofisi. Wengi wanakimbilia kununua bando lingine. Usinunue kwanza.

Kwa ambao hatujawafungia VPN bado, iko hivi: laini ya simu mara nyingi haikupi IP (anwani ya mtandaoni) yako mwenyewe, mnachangia moja watu kibao, kwa hiyo ukiwa nje huna pa kuingilia dukani. Sisi tunakodi seva ndogo yenye IP yake, tunaweka WireGuard (programu ya VPN) pale na kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) iliyoko dukani, Pi ndo inaenda kupiga hodi kwa seva na ikishafunguliwa mnapita pande zote mbili.

Kufunga kwenyewe si kazi. Kwenye Debian au Ubuntu ni sudo apt install wireguard, maana toka Linux 5.6 ya mwaka 2020 iko ndani ya keneli (kiini cha mfumo) yenyewe, unatengeneza ufunguo kwa wg genkey, unaandika faili la /etc/wireguard/wg0.conf na kulipiga chmod 600, halafu sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0 ili ijiwashe kila mashine ikiwaka. Upande wa Pi weka PersistentKeepalive = 25, iguse seva kila sekunde 25, maana ukikaa kimya mtandao wa simu unakusahau. Kwenye seva fungua poti 51820 ya UDP, sio TCP (hapa tulishapoteza mchana mzima, tuacheni tu).

Sasa hiyo saa. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, umeme ukikatika ghafla ikiwaka inaanza na muda wa nyuma. Na WireGuard kila ikipiga hodi inaambatanisha muda, seva inakumbuka muda wa hodi ya mwisho, sasa ikija hodi yenye muda wa nyuma ya hapo inaitupa, inahisi kuna mjanja karekodi hodi ya zamani anairudia. Ulinzi safi kabisa, tatizo inatupa kimyakimya. Ukiandika sudo wg unaona data zinatoka, ila mstari wa "latest handshake" (hodi ya mwisho iliyokubaliwa) haupo.

Kawaida Pi inajirekebisha saa yenyewe kupitia intaneti, hata hujui kama kulikuwa na shida. Balaa ni pale aliyefunga kaweka AllowedIPs = 0.0.0.0/0, yani kila kitu kipite kwenye VPN, mpaka kuulizia saa. VPN inasubiri saa, saa inasubiri VPN, na wewe unasubiri wote wawili. Duka halihitaji hivyo, weka mtandao wenu wa ndani tu, mfano 10.8.0.0/24, mengine yapite njia ya kawaida. Ukitaka kulala usingizi ongeza kifaa cha saa cha DS3231 chenye kabetri kake.

Ukikwama leo andika date, kama muda sio, rekebisha kwa sudo date -s ukifuatisha tarehe na saa sahihi, kisha subiri kidogo. Ikigoma bado tutumie picha ya majibu ya date na sudo wg, sudo wg inaficha ufunguo wa siri yenyewe. Picha ya wg0.conf usitume, hata kwetu, mle ufunguo wa siri uko wazi. Kuna mteja aliituma kwenye grupu la familia, ikabidi tumtengenezee funguo upya.