Shtaki Kitendo, Mwanangu

Kondele, Kisumu

Mwanangu Ochieng,

Isome barua hii hapa nyumbani kabla likizo haijaisha, kisha uiache. Shuleni barua hufunguliwa ofisini na masanduku hukaguliwa.

Wanaokuita shoga na kukumwagia maji kitandani wanategemea jambo moja: ukienda kushtaki utaulizwa, "Kwani ni kweli?" Kesi inageukia hapo, mshtakiwa anakuwa wewe. Kwa hiyo shtaki kitendo tu. Ya moyoni mwako hudaiwi jibu na naibu wa mwalimu mkuu, wala na mimi, mpaka utake mwenyewe.

Tumia kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Andika siku ile ile: tarehe, saa, mahali, nani kafanya nini, nani kaona. Ukisema "wananisumbua" utaambiwa uzoeane na wenzako. Lakini "Jumanne saa nne usiku, taa zikishazimwa, wawili wa Kidato cha Tatu walilowesha godoro langu, kiranja akiwa mlangoni" lazima lichunguzwe. Tusi lenyewe usilinakili, daftari likinyang'anywa litakugeukia. Andika "alinitukana mbele ya darasa". Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mtoto kupigwa na hata kuteswa kiakili. Hakiulizi mtoto ni wa namna gani.

Mwalimu wa ushauri nasaha mwendee ikiwa tu anajulikana kwa kutunza siri. Wengine, Mungu awasamehe, hulipeleka jambo moja kwa moja kwenye maombi ya asubuhi. Matroni huenda akafaa zaidi.

Wakikugusa sehemu za siri au kukuingilia, usioge. Nguo zitie kwenye bahasha ya khaki. Plastiki hufungia unyevu ndani na ushahidi huharibika. Ukiingiliwa, hospitali ni ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazianzishwi baada ya hapo.

Omba simu ya matroni, uniulize kama ng'ombe ameshazaa; hiyo ndiyo ishara yetu kwamba kuna shida. Nitapanda matatu siku hiyo hiyo. Nisipopatikana, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana.

Ukishashtaki, usiku wa kwanza ndio wa hatari. Omba kitanda karibu na chumba cha matroni. Usipatanishwe ofisini bila mimi, wala usitie sahihi karatasi nisiyoisoma. Wakikulazimisha, andika chini ya jina lako: "mzazi hajaona".

Mama yako