Maswali ya 1966 kwa sherehe ya shemeji

Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Ujumbe wako umefika, na maswali yako ya mfano nimeyasoma yote. Wazo la kumfanyia shemeji chemsha bongo ya mwaka aliozaliwa nimelipenda mno. Miaka sitini si mchezo. Lakini shoga, usininunie: maswali yenyewe yanachosha. "Nani alichukua Kombe la Dunia mwaka 1966?" Ukumbi mzima utaitikia England kama darasa la kwanza, na hapo utamu umekwisha. Swali tamu ni lile ambalo mtu ananyanyua mkono kwa kiburi halafu anakosa.

Kwa hiyo usiulize nani alishinda. Uliza timu ngapi za Afrika zilicheza. Wapo watakaosema mbili, wengine watataja Misri, Ghana, Morocco. Jibu ni sifuri. FIFA ilikuwa imeamua kwamba bingwa wa Afrika akishapatikana apimane nguvu tena na wa Asia, ndipo mmoja wao aende England. Bara zima halina nafasi yake hata moja! Ghana ya Nkrumah ikawa mstari wa mbele kupinga, na nchi za Afrika zikasusia. Ususiaji huo haukwenda bure, maana lilipofika kombe la 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake, na Morocco ndiyo iliyokwenda.

Sasa angalia ile nafasi iliyoachwa ilivyoleta vituko. Waliobaki kuigombea ni Korea Kaskazini na Australia. Wakacheza Phnom Penh, kule Kambodia, Wakorea wakashinda mechi zote mbili. Huko England hakuna aliyewahesabu. Tarehe 19 Julai, mjini Middlesbrough, wakaifunga Italia 1-0, bao la Pak Doo-ik, na Waitaliano wakarudi kwao kupokewa na nyanya mbovu uwanja wa ndege. Kwenye robo fainali dhidi ya Ureno Wakorea wakatangulia 3-0. Tatu bila, Zuhura! Hapo ndipo Eusébio alipoamka. Akafunga manne peke yake, Ureno ikashinda 5-3. Alimaliza mashindano na mabao 9, mfungaji bora.

Na Eusébio alizaliwa wapi? Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Nahodha wake Mário Coluna naye ni mzaliwa wa Msumbiji. Msumbiji ilikuwa bado chini ya Mreno, kwa hiyo walivaa jezi ya mtawala. Basi swali lako la kufungia raundi ya mpira liwe hili: Afrika haikupeleka timu, ilikuwaje mfungaji bora akawa mtoto wa Afrika? Naapa watabishana mpaka pilau ipoe.

Ukitaka mtego mwingine, uliza yule mshika kibendera aliyekubali bao la tatu la England kwenye fainali, lile la Geoff Hurst lililogonga mwamba na kudunda chini, alitoka nchi gani. Wote watasema Mrusi. Tofiq Bahramov alikuwa wa Azerbaijan, na kule Baku kuna uwanja wenye jina lake. Watoto waulize kuhusu mbwa. Kombe lenyewe liliibwa London mwezi Machi, likiwa kwenye maonyesho ya stempu, polisi wakahangaika wiki nzima, na aliyelipata ni mbwa aitwaye Pickles, limefungwa kwenye gazeti chini ya ua wa miti. Mbwa huyo alisifiwa kuliko polisi wote wa London.

Shemeji mwenyewe, kwa kuwa ni Arsenal wa kufa na kuzikana, mpe lake: ni bondia gani alitetea ubingwa wa dunia katika uwanja wa zamani wa Arsenal, Highbury, mwaka aliozaliwa? Muhammad Ali, tarehe 21 Mei, dhidi ya Henry Cooper. Akilikosa hilo, jezi aivue.

Muziki usiuvute sana. The Beatles walifanya onyesho lao la mwisho la kulipia San Francisco, tarehe 29 Agosti, baada ya hapo wakawa watu wa studio tu. Hilo wengi wanalijua. Kinachonifurahisha zaidi ni tuzo ya Grammy waliyopewa Harry Belafonte na Miriam Makeba mwezi Machi, kwa albamu ambayo ndani yake umo wimbo wetu wa Malaika. Ukianza kuuliza nani aliutunga utazua vita, kwa hiyo ishia kwenye tuzo.

Mwaka ule Kiswahili kilitembea kweli. Tarehe 8 Septemba Wamarekani waliwasha televisheni wakaona Star Trek kwa mara ya kwanza, na katika chombo cha angani yumo dada mweusi, Luteni Uhura, jina lililotoholewa kutoka uhuru. Aliigiza Nichelle Nichols. Desemba 26, kule Los Angeles, Maulana Karenga na wenzake wakaanza kusherehekea Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, na mojawapo ya misingi yake saba ni ujamaa, wiki chache tu kabla ya Azimio la Arusha. Hilo mpe mwalimu mstaafu yeyote atakayekuwepo, atajaza maikrofoni mate.

Kwa Wakenya wa upande wenu usisahau michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kingston, Jamaika: Kip Keino alichukua dhahabu ya maili moja na ya maili tatu, na Naftali Temu akachukua ya maili sita. Waliozaliwa mwaka mmoja na shemeji wataje haraka haraka tu, Mike Tyson, George Weah, Janet Jackson, Eric Cantona, ajue rika lake si la kubeza.

Meza ya wazee iwe na swali lake pekee: mwaka 1966 nini kilibadilika mifukoni mwetu? Shilingi ya pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kuachwa. Tanzania ilitoa yake Juni, Uganda Agosti, Kenya Septemba. Wataanza kukumbushana bei za sukari na nauli za basi, kwa hiyo waachie kwa muda, kisha uwanyang'anye maikrofoni kwa adabu.

Mimi nitafika Ijumaa na machungwa ya Muheza, ndiyo zawadi za washindi. Niandalie mahali pa kulala mbali na spika. Shemeji usimwonyeshe barua hii, na wanao wabusu.

Wasalaam,
Shoga yako Mwanaidi