Fomu ijazwe kando ya kitanda

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu anasoma udaktari, mwaka wa nne. Jumapili alikuja nyumbani na habari njema: logibuku ya karatasi, lile daftari la kusainiwa kazi walizofanya wodini, imeondolewa, sasa daktari anayewasimamia wodini anawajazia fomu ya mtandaoni kwenye simu. Nikamwuliza, anaijaza saa ngapi? Akacheka. "Ijumaa usiku, bibi. Wote 12 kwa mkupuo."

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, logibuku naijua. Siku ya mwisho ya rotesheni, yaani zamu yao ya kujifunza wodini, wanafunzi walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwa daktari bingwa, naye akisaini ukurasa baada ya ukurasa huku anakunywa chai. Kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, saini. Kuzalisha, saini. Wengine nilijua fika kwamba kanula hawajawahi hata kuishika. Fomu ya simu ikijazwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba sasa tunalipia bando.

Waliobuni vipimo hivi vya kupima wanafunzi hawakukusudia hayo. Mtihani wa kupita kituo hadi kituo ukionyesha ujuzi, ule wanaouita oski, ulianzia Dundee, Uskoti, miaka ya 1970, ili kila mwanafunzi atazamwe akitenda jambo lile lile. Mwaka 1995 Wamarekani wakaja na kipimo kifupi cha wodini: mwalimu anasimama dakika 15 au 20, anamtazama mwanafunzi akiwa na mgonjwa halisi, kisha anamwambia palepale alipopatia na alipokosea. Fomu inakuja baadaye, ya kuandikia kilichoonekana.

Simu ina jambo moja zuri: inatunza saa. Chuo kikitaka, kitaona fomu 12 zimetumwa ndani ya dakika tisa na kuzirudisha zote. Karatasi haikuweza kumsema mtu. Mtandao ukikatika wodini, na hukatika, itafutwe fomu inayojihifadhi kwenye simu mpaka urudi.

Halafu lipo ambalo madaktari hawatalipenda: manesi nao wapewe sehemu ya kujaza. Mwanafunzi anapomfunua mama tumbo bila kuvuta pazia, au anapomsemesha mzee wa watu kutoka Machame kama mtoto wa chekechea, bingwa hayupo. Nesi wa zamu yupo, na jina la kijana analikumbuka.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi