Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Kisumu: Tuwaachie wadiria ukingo wao

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia juu ya mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayetulia hewani juu ya ziwa, mabawa yakipiga mbiombio, kisha akajitosa majini na kuibuka na omena. Sote twamjua. Anakolelea watoto ndiko wengi wetu hatukujui.

Dume na jike huchimba ukingo wa udongo uliosimama wima, kwa mdomo na miguu, wakapata shimo la mita 1 au zaidi. Jike hutaga humo ndani mayai 4 au 5, juu ya udongo mtupu. Baada ya siku kama 18 hutoka vifaranga vipofu, hawana hata unyoya, nao hukaa katika giza hilo zaidi ya wiki 3.

Kuwalisha si kazi ya wawili. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza wadiria wa Ziwa Victoria na wa Naivasha, akachapisha matokeo mwaka 1980. Kaka waliozaliwa awali hubaki kuwalisha wadogo zao. Huku kwetu, ambako mawimbi hufanya uvuvi kuwa mgumu, wazazi hukubali hata madume wasio ndugu zao waje kusaidia. Naivasha hao hufukuzwa. Mimi jambo hili hunigusa sana, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa wengi wetu.

Mwezi uliopita, ukingo mmoja upande wa Nyando ulibomolewa na wachota mchanga. Nilifika lori limeshajaa. Kwenye kifusi walilala vifaranga wawili, manyoya yao yangali ndani ya vifuko, yamesimama kama miiba. Juu ya waya alikuwapo dume, samaki mdomoni, kichwa cha samaki kikitazama nje. Mdiria hushika samaki hivyo anapompelekea mtoto, apate kummeza bila mapezi kumkwama kooni. Alikaa naye hivyo muda mrefu.

Vijana wale walikuwa wanatafuta riziki, na hakuna aliyewaambia mashimo yale ni ya nini. Naomba kila kibali cha mchanga kiseme wazi: ukingo wenye mashimo ya wadiria usiguswe mpaka vifaranga waruke. Tangu yai hadi kuruka ni wiki 6 au 7 tu. Mchanga utakuwa pale pale.

Maafisa wako wakija, nitawapeleka kwenye kingo ninazozijua. Waje asubuhi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Nyando