Wanaoanza kuruka kwa upondo washike chini

Mhariri,

Msimu wa riadha za shule ukifika, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, kosa la wanafunzi wanaoanza kuruka kwa upondo, ule mti mrefu wa kujirushia juu ya upau, huwa lile lile: wanashika juu mno. Wengi wamemwona Armand Duplantis akiruka mita 6.25 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, nao wanataka kushika karibu na ncha kama yeye. Wasichokiona ni kasi. Mwaka huo huo Duplantis alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.37. Kasi ndiyo inayousimamisha upondo, na kadiri mtu anavyoshika juu ndivyo anavyohitaji kasi zaidi. Mwanafunzi asiye na kasi hiyo akishika juu, upondo unasita njiani na kumrudisha alikotoka, na mara nyingi anaangukia pale palipo pagumu.

Tunaomba walimu wenzetu waanzie kwenye shimo la mchanga la kuruka mbali, bila upau wowote. Mwanafunzi asimamishe upondo wima, anyooshe mkono wa kulia kabisa, nawe uweke alama pale vidole vyake vinapofika. Ashike sentimita 20 hadi 30 juu ya alama hiyo, si zaidi. Upondo ukifika wima naye akatua ndani ya mchanga mara tatu mfululizo, pandisha mshiko kwa sentimita 10. Ukisita, teremsha sentimita zile zile bila mjadala, hata akilalamika.

Anayetumia mkono wa kulia huweka huo juu na wa kushoto chini, nafasi kati yake ikizidi kidogo upana wa mabega. Akikimbia, mkono wa kulia ukae kiunoni, wa kushoto mbele ya kifua, na ncha ya mbele ianze ikiwa juu ya kichwa kisha ishuke polepole. Anayeanza na ncha chini huulemea upondo kwa mikono hadi mbio zinaharibika.

Kuchomeka ncha ya upondo chini ndiko kunakostahili nusu ya muda wote wa mazoezi. Hesabu mguu wa kushoto peke yake: mara tatu zinatosha, yaani hatua sita. Kazi iko katika hatua tatu za mwisho. Kushoto: mkono wa kulia unaondoka kiunoni. Kulia: umefika sikioni. Kushoto ya mwisho: mikono yote iko juu, wa kulia umenyooka kabisa, na hapo ndipo anaruka. Wafanye hivyo kwa kutembea kwanza, ncha ikiteleza kwenye nyasi, mara ishirini au thelathini kila siku, hadi wasihitaji kufikiria. Anayechelewa hukutwa na mshtuko kiwiko kikiwa kimekunjwa, na kasi yake yote inaishia begani.

Mahali pa kukanyaga pasikisiwe. Weka ncha pale inapochomekwa, shika mshiko wako, nyosha mkono wa juu, kisha mwenzako aachilie kijiwe kutoka kwenye mkono huo. Kinapoanguka ndipo kidole gumba cha mguu wa kushoto kinapopaswa kukanyaga. Akikanyaga mbele zaidi, upondo unamvuta mkono nyuma na kumtupa kando. Akikanyaga nyuma zaidi, anaufikia kwa kujivuta na nguvu inapotea. Mwanafunzi mmoja achuchumae kando atazame mguu tu, maana mrukaji mwenyewe hawezi kuuona. Mshiko ukibadilika, pima upya. Pima upya pia unapohama kutoka mchangani kwenda kwenye kisanduku rasmi cha kuchomekea ncha, kwa kuwa kimezama ardhini sentimita 20.

Akishaondoka ardhini, goti la kulia lipande mbele, mguu wa kushoto ubaki nyuma umenyooka, na mwili uning'inie kwenye mkono wa juu, ukipita upande wa kulia wa upondo. Asijivute. Wavuvi wa ziwani wanajua kwamba upondo ukishika chini, mtumbwi ndio unaosogea. Hapa mwili ndio mtumbwi. Akikunja mikono mapema, uzito wake unapanda kuelekea ncha ya juu na upondo unachelewa kusimama. Mguu wa kushoto ubembee mrefu kutoka nyuma, na magoti yakunjwe baadaye. Kugeuka na kuusukuma upondo kunakuja baada ya majuma kadhaa. Juu ya mchanga hakuna ruhusa ya miguu kupita kichwa: atue kwa miguu, magoti yakiwa laini.

Shule isiyo na upondo wa faibaglasi isikate tamaa. Cornelius Warmerdam wa Marekani aliruka mita 4.77 mwaka 1942 kwa upondo wa mwanzi. Lakini mwanzi ukaguliwe kabla ya kila mruko: pitisha kitambaa kwa urefu wake wote, kikinasa mahali pana ufa au kibanzi. Wenye ufa usifungwe gundi, utupwe. Ncha ya chini ivikwe kipande cha mpira wa tyubu. Na wenye pondo za faibaglasi wasome uzito ulioandikwa: mwanafunzi mzito kuliko maandishi hayo asiuguse, hata kwa jaribio moja, kwa sababu unaweza kuvunjika akiwa hewani.

Kuna jambo moja tunalowasihi waandaaji wa mashindano. Magodoro ya bweni yakipangwa tu bega kwa bega huachana mtu wa kwanza anapotua, na wa pili mguu wake huingia kwenye pengo. Hayo hayatoshi kwa mruko wa juu hata yakirundikwa. Panapokosekana godoro rasmi, shindano lifanyike kwenye mchanga uliolimwa kwa jembe ukalainika, upau uwe wa chini. Panapokuwa na godoro rasmi, vipande vifungwe pamoja na kufunikwa kwa turubai moja, na milingoti inayoshika upau irudishwe nyuma sentimita 60 hadi 80 kutoka mwisho wa kisanduku, ili anayeanza asiangukie kisanduku chenyewe. Mwamuzi akague hayo yote kabla ya kumwita mshindani wa kwanza.

Walimu wa riadha,
Kisumu