Wamenitoa kwenye timu, sasa wanataka na baiskeli yangu

Shangazi, salamu. Ni saa tisa za usiku na sijafumba jicho. Kilichonikesha ni ujumbe wa shemeji, maneno manne tu: "Mzee apumzike, awe meneja." Nina miaka 52. Sikujua kwamba mtu hutangaziwa mapumziko kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu tisa ambao wengine hata pedali hawajaikanyaga tangu shule ya msingi.

Unazijua hizi triathloni za kupokezana. Mmoja anaogelea kilomita 1.5, mimi naendesha 40, shemeji anakimbia 10. Naomba uione hesabu kwanza, usije ukaniona mlalamishi. Muogeleaji wetu aliahidi dakika 27, akatoka baharini kwa 34. Mimi nilitumia saa 1 na dakika 18, na humo zimo dakika 6 za pancha. Shemeji aliyejisifu kwamba atakimbia kwa dakika 45 alimaliza kwa 52. Nafasi ya tatu ilitupita kwa dakika 4. Basi wao wamepoteza saba saba, mimi sita, na aliyepoteza chache ndiye anayeambiwa apumzike.

Wanasema ile pancha ningeimaliza kwa dakika tatu kama fundi wa kibandani. Barabara ile ni ya malori. Tairi la lori likipasuka huacha vinyaya vyembamba kama unywele, na kimoja kikiingia kwenye mpira hukioni kwa macho. Ukikimbilia kuweka tyubu mpya bila kukitafuta, kilomita mbili mbele umesimama tena, na tyubu ya akiba ndiyo hiyo imekwisha. Kwa hiyo unatia gia ndogo kabisa ya nyuma ili gurudumu litoke bila kung'ang'aniwa na cheni, unavua upande mmoja wa tairi, unapitisha vidole ndani taratibu mzunguko mzima mpaka kikuchome. Halafu unaipuliza tyubu kidogo kwa mdomo ishike umbo, unahakikisha haijabanwa na ukingo wa tairi, ndipo unafungua mtungi wa gesi wa gramu 16. Mtungi nilikuwa nao mmoja. Tyubu ikibanwa inapasuka hapo hapo, na shemeji angesimama pale kwenye kizimba cha kupokezana mpaka adhuhuri. Dakika moja ya kutafuta kinyaya ndiyo iliyomfanya yeye akapata hata hiyo nafasi ya kukimbia. Hakuna aliyeniuliza.

Jingine ni upepo. Mwezi wa nane kusi bado inavuma, na njia yetu ilikwenda kaskazini kilomita 20 ikageuka. Kwenda nilitumia dakika 32, kurudi 40. Anayeijua baiskeli hujibana upepo ukiwa mgongoni na kuziweka nguvu kwa ajili ya kurudi, kwa kuwa kule kwenye upepo wa uso ndiko unakokaa muda mrefu. Haya, nalijua hilo, na sikulifanya. Nilipoona muogeleaji amechelewa dakika saba nilitaka nizirudishe zote. Hazirudishiki. Kutoka dakika 72 hadi 65 ni kutoka kasi ya 33 kwenda 37 kwa saa, na kwenye hewa kasi hiyo inadai nguvu zaidi kwa kama theluthi. Miguu ya miaka 25 pia haina theluthi ya akiba. Kwa hiyo kosa kidogo lilikuwa langu, lakini nililifanya kwa ajili yao. Kisha naambiwa nipumzike.

Wamemleta kijana anayefanya kazi na muogeleaji. Ana kifua, sikatai. Lakini amezoea kuendesha kwenye msafara, amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Kwetu waamuzi walitangaza mita 10 kati ya baiskeli na baiskeli, na ukiingia humo una sekunde 20 uwe umeshampita. Hajui kwamba helmeti hufungwa kidevuni kabla mkono haujagusa baiskeli, wala haifunguliwi mpaka baiskeli irudi kwenye chuma chake. Hajui kuwa chipu ya kupimia muda hufungwa mguu wa kushoto, kwa sababu kulia kuna cheni. Nani atamfundisha? Meneja, bila shaka.

Sasa sikia, Shangazi. Jana shemeji amepiga simu, wala si kuomba radhi. Kijana hana baiskeli ya mbio. Anaomba yangu.

Nimemwambia haitamfaa, na sikudanganya. Mguu wangu kwa ndani ni sentimita 80. Ukizidisha kwa 0.883 unapata kama 70.6, ndiyo kipimo changu kutoka katikati ya ekseli ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Kijana ana 88, anahitaji 77.7. Bomba la kiti lipande sentimita saba, na alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba inaruhusu tano. Ukiivuka, bomba lenyewe linakatika au fremu inapasuka pale juu, na hii ni kaboni, haichomelewi. Pedali zangu zinadaka kiatu maalumu chenye kibanio chini ya soli. Mimi navaa 41, yeye 45. Akipanda na raba miguu itateleza kilomita 40 nzima.

Mama watoto amenisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na angekuwa mfupi?" Nikakosa jibu. Shemeji ni mdogo wake, ndiye aliyesimamia matanga ya baba yao mwaka jana, na mama watoto hataki tununiane kwa ajili ya chuma na mipira.

Mimi sitaki kurudi kwenye hiyo timu, hilo lieleweke. Lakini wakiniita kwa heshima, mazoezi sijaacha: Jumanne na Ijumaa nafanya dakika nne za kasi mara tano, na katikati naacha siku mbili, kwa kuwa umri huu miguu haifufuki kwa usiku mmoja. Je, nikinyima nitakuwa mzee mwenye kijicho? Na nikitoa, ndiyo nimekubali kwamba nimepumzishwa?

Watakuja kuichukua Jumamosi saa moja asubuhi. Usiku huu nimeshika spana, nikalipandisha bomba sentimita tano, mpaka kwenye alama. Nikaliangalia, nikalirudisha pangu. Tafadhali jibu kabla ya Jumamosi.