Naziomba zile dayari zako

Wakili msomi Zuhura,

Salamu nazifupisha, maana saa hizi ni saa saba usiku na asubuhi nina mashauri tisa ya kutajwa. Mimi mzima, mama naye hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bonge. Usininunie. Soma mpaka chini, utacheka.

Nimerudi shule. Naam, mimi niliyeapa siku ile tunavua majoho kwamba sitashika tena kitabu kisicho na picha. Shahada ya uzamili, haki jinai, vipindi vya jioni. Natoka ofisini saa tisa na nusu, nasinzia wima kwenye mwendokasi, naingia darasani na suti ileile niliyosimama nayo mbele ya hakimu. Kessy anasema nimefuata cheo. Sikumbishia. Kidogo ni kweli.

Sasa sikia kilichonikuta. Muhula wa kwanza tulifundishwa mikondo miwili ya Packer, yule Mmarekani wa 1964. Mmoja unaiona kesi kama bidhaa kwenye mkanda wa kiwanda, isukumwe haraka mpaka mwisho. Mwingine unaiwekea vizuizi njiani, asiye na hatia asije akapitishwa kwa makosa. Mwalimu akauliza, kwetu ni upi? Darasa likagawanyika, polisi huku, mawakili kule, na askari magereza mmoja katikati anachekelea. Nikanyoosha mkono nitoe neno la busara, kilichonitoka ni: "Kwetu ni karandinga." Watu wakaangua kicheko, lakini mimi nilimaanisha. Linakuja, linashusha, linapakia walewale, linarudi nao.

Na anayelirudisha ni mimi, wakili wa Serikali, Zuhura. "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Naitamka sentensi hiyo kama anayeitikia amina. Wewe wa utetezi unasimama, unalalamika, hakimu anaandika, kisha tunakutana kantini tunagawana chapati. Miaka sita ile ya Tanga ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu alipotupa zoezi la kuhesabu kauli tunayoirudia zaidi kazini, wiki moja tu, nilipata 31. Nilidhani nimekosea, nikarudia wiki iliyofuata. Sitakuambia nilipata ngapi.

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa la dhamana, utalijua hata bila kulisoma: kesi ya Daudi Pete ya 1991, kisha ya Sanga ya 2020, Mahakama Kuu mwezi Mei inasema kifungu cha 148(5), kile kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, kinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani mwezi Agosti inakirudisha. Msimamizi alisoma kurasa mbili akavua miwani. "Haya wameshayaandika wengi. Wewe uko mahakamani kila siku, umeona nini?"

Nikamsimulia yule babu wa shauri la mauaji, mwenye kofia ya kufuma. Unamkumbuka? Kila akiletwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote, mahakama ile ya chini haina mamlaka ya kulisikiliza shauri lake. Siku ile akanyoosha mkono hivyohivyo: "Mheshimiwa, waambie wamalize, hata kama ni kwa kunifunga." Na mimi, mbele yake, nikaomba siku kumi na nne.

Msimamizi akasema, andika hiyo.

Ndiyo naiandika. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalikataza kufungua kesi kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hilo "isipokuwa" ndilo tasnifu yangu nzima, maana humo ndimo walimo wasio na dhamana: mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwenye dhamana anasubiri upelelezi akiwa kwake. Asiyekuwa nayo... unaona?

Usidhani nimehamia upande wenu. Ripoti ya maabara haijaja, shahidi kahama, mpelelezi kahamishiwa mkoa mwingine na jadala, faili la kesi, limebaki kabatini. Niombe nini kama si tarehe? Hilo nalo nitaliandika, msomi, hata ukinuna.

Nilitaka kuwahoji mahabusu. Kamati ya maadili ikanirudisha kwa swali moja: mahabusu gani atamkatalia wakili wa Serikali? Sikuwa na jibu. Nikaomba rejista za mashauri, na barua yangu ina miezi miwili inahama meza moja hadi nyingine. Ndipo nikakumbuka dayari zako. Ulikuwa unaandika kila ahirisho na sababu yake, kwa mwandiko ule wa sisimizi, nami nilikuwa nakucheka. Naziomba, za 2018 hadi 2022. Majina ya wateja wako siyahitaji wala sitaki kuyaona. Kaa na Da Rehema mnakili tarehe na sababu tu, kila shauri mlipe namba yenu wenyewe. Rehema nitamlipa. Wewe nitakulipa pweza, mwenye nazi, kama zamani.

Haya, nijibu. Dayari bado unazo, au ulizitupa ulipohama ofisi? Yale ya mwenye nyumba yaliishaje? Ni kweli Kessy anaoa, au ni maneno ya kantini? Unadhani wenzangu wa ofisini watanitazamaje tasnifu ikitoka? Na yule babu, Zuhura, mimi nilihamishwa kabla shauri lake halijapanda Mahakama Kuu. Lilipanda? Yuko wapi? Nimeogopa kuuliza huku, ningeweza kulitafuta kwa siku moja tu. Niambie wewe.

Ukizipata, zitume kwa basi la asubuhi. Nauli nitalipa huku.

Wako, wa upande wa Jamhuri,
Tatu